Pienza, Mji wa Papa Pius II: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Pienza iko wapi, na ni mji wa namna gani?

Pienza ni mji mdogo wa mkoa wa Toscana, katikati ya Italia, kusini-mashariki mwa Siena. Umejengwa juu ya kilima chenye mwinuko wa karibu mita 490 kutoka usawa wa bahari, na upande wa kusini unatazama bonde la mto Orcia hadi kwenye mlima Amiata, ambao zamani ulikuwa volkano. Wakazi wake, ukijumlisha na wale wa mashamba yanayouzunguka, ni kama elfu mbili hivi, na mtaa wake mkuu, Corso Rossellino, unaweza kuutembea kwa miguu kutoka lango moja hadi jingine kwa dakika chache tu.

Miji ya vilimani ni mingi sana Italia, na mingi kati yake ilikua polepole kwa karne nyingi, nyumba moja ikiegemea nyingine, kila kizazi kikiongeza ukuta, mnara au kanisa kadiri fedha na ugomvi wa wakati huo ulivyoruhusu. Pienza haikukua hivyo. Sehemu yake inayowavuta wageni iliagizwa na mtu mmoja, ikachorwa na msanifu mmoja, ikajengwa kati ya mwaka 1459 na 1464, na baada ya hapo kazi ikasimama. Anayetaka kuuelewa uzuri wa mji huu hana budi kuyashika mambo hayo mawili kwa pamoja: haraka ya ujenzi wake, na ghafla ya kukoma kwake.

Kabla ya kuitwa Pienza, mji huu ulikuwa na jina gani?

Uliitwa Corsignano, kijiji cha wakulima na wafugaji kilichokuwa chini ya himaya ya Siena. Mabaki ya zama hizo yapo bado. Ukishuka kwa miguu chini kidogo ya kuta za mji utalikuta kanisa la kale la parokia ya Corsignano, lenye mnara wa duara na mlango ambao juu yake mafundi wa enzi za kati walichonga nguva na viumbe wengine ambao mtu hategemei kuwaona kwenye mlango wa kanisa. Ndani yake kuna birika la ubatizo ambamo, kwa mapokeo ya mji, alibatizwa mtoto aliyekuja kukibadilisha kijiji kizima. Watalii wengi hawafiki huko kwa kuwa njia ya kurudi ni ya kupanda, na hilo ni kosa lao.

Huyo Papa Pius II alikuwa nani?

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Enea Silvio Piccolomini, naye alizaliwa Corsignano tarehe 18 Oktoba 1405. Wapiccolomini walikuwa ukoo wa kikabaila wa Siena, lakini mabwana wa aina yao walikuwa wamekwisha kuondolewa katika utawala wa mji huo, na baba yake aliishi kijijini na kundi kubwa la watoto na mali kidogo. Kijana huyo alikwenda Siena kusoma, kisha akawa katibu wa makadinali, na kwa kazi hiyo akafika kwenye Mtaguso wa Basel, yaani mkutano mkuu wa viongozi wa Kanisa, ambako Kanisa lilikuwa limegawanyika juu ya mamlaka ya Papa.

Maisha yake ya awali hayakuwa ya mtu anayetarajiwa kuvaa kofia ya kipapa. Alikuwa mshairi, na mwaka 1442 Kaizari Frederick III alimtawaza kwa taji la washairi. Mwaka 1444 aliandika kwa Kilatini hadithi ya mapenzi kati ya mke wa mtu na askari, hadithi iliyosomwa Ulaya nzima na ambayo baadaye alitamani ifutike. Mwaka 1435 alitumwa Uskoti. Meli yake ilipigwa na dhoruba kali, naye akaweka nadhiri kwamba akifika salama atakwenda peku hadi madhabahu ya karibu ya Bikira Maria. Alifika, akatembea bila viatu kwenye ardhi iliyoganda kwa baridi, na tangu hapo miguu ilimsumbua hadi kufa. Alipata upadri akiwa mtu mzima, akawa askofu wa Trieste, kisha wa Siena, kadinali mwaka 1456, na mwezi Agosti 1458 akachaguliwa kuwa Papa.

Mengi ya hayo tunayajua kutokana na kumbukumbu za maisha yake alizoziandika mwenyewe kwa Kilatini, jambo ambalo hakuna Papa mwingine aliyelifanya kwa namna hiyo akiwa madarakani. Ni mwandishi mwenye jicho kali na majivuno yasiyofichika, na pale anapousifia mji wake inafaa kukumbuka kwamba anayesifu ndiye aliyejenga.

Kwa nini aliamua kujenga katika kijiji kidogo namna hiyo?

Mwezi Februari 1459, akiwa njiani kwenda Mantua kukutana na wafalme wa Ulaya juu ya vita dhidi ya Waturuki waliokuwa wameiteka Konstantinopoli miaka sita kabla, alipita Corsignano. Ameandika kwamba alitazamia furaha ya kuongea na watu aliokua nao, lakini akakuta wengi wa rika lake wamekwisha kufa, na waliobaki wamefungiwa ndani na uzee na maradhi. Akawaona, na katika wao akauona uzee wake mwenyewe. Katika safari hiyo hiyo aliamua kujenga hapo kanisa na jumba la ukoo, ili pawepo kumbukumbu ya kuzaliwa kwake.

Sababu za kisiasa zilikuwepo pia. Siena ilikuwa imewatenga mabwana wa ukoo wake, na Papa mwenye kiti cha Petro angeweza kuushinikiza mji huo urudishe heshima ya jamaa zake. Jumba kubwa lililosimama ndani ya himaya yao lilikuwa ujumbe ambao Wasiena hawakuhitaji kufafanuliwa. Kwa maoni yetu, huzuni na majivuno vilichangia kwa kiasi sawa, na hakuna haja ya kuchagua kimoja.

Msanifu majengo alikuwa nani, na alijenga nini hasa?

Alikuwa Bernardo Rossellino, mchongaji na msanifu wa Firenze, aliyewahi kufanya kazi chini ya Leon Battista Alberti, mwanazuoni aliyeandika kitabu mashuhuri cha usanifu wa majengo. Kiini cha kazi yake ni uwanja mmoja usio mkubwa, ambao leo unaitwa Piazza Pio II. Upande wa kusini limesimama kanisa kuu; kulia kwake, ukilitazama, ni jumba la Piccolomini; kushoto ni jumba la askofu; na mkabala na kanisa ni ukumbi wa serikali ya mji wenye mnara wake, ambao kwa makusudi ulifanywa mfupi kuliko mnara wa kengele wa kanisa.

Simama mbele ya ukumbi wa mji uangalie sakafu ya uwanja. Matofali mekundu yamepangwa kwa ulalo, na juu yake mistari ya mawe meupe ya travatini imechora miraba mikubwa inayoongoza jicho hadi mlangoni mwa kanisa. Kuta za majumba mawili ya pembeni haziendi sambamba: zinapanuka kadiri zinavyolikaribia kanisa, kwa hiyo uwanja una upande mpana na upande mwembamba. Kwa hila hiyo uwanja mdogo unaonekana mkubwa kuliko ulivyo, na pembeni mwa kanisa, kulia na kushoto, zimeachwa nafasi mbili ambazo bonde zima linaonekana kupitia kwake. Karibu na jumba la Piccolomini kuna kisima cha mawe chenye nguzo mbili, nacho ni kazi ya Rossellino pia.

Jumba lenyewe limefuata mfano wa jumba la Rucellai la Firenze, lililobuniwa na Alberti, kwa nguzo bapa zilizopangwa ghorofa juu ya ghorofa ukutani. Lililo jipya ni upande wa nyuma. Badala ya kuligeuzia bonde mgongo wa ngome, Rossellino alilifungua kwa vibaraza vitatu, kimoja juu ya kingine, vinavyotazama bustani iliyoinuliwa juu ya mazizi ya farasi, na ng'ambo ya bustani bonde la Orcia na mlima Amiata. Leo tumezoea hoteli zinazouza mandhari, hata tunasahau kwamba katika karne ya 15 nyumba ya bwana mkubwa ilijengwa kwa ajili ya ulinzi na heshima. Kuijenga nyumba kwa ajili ya kutazama tu lilikuwa wazo la mtu aliyewasoma washairi wa Roma ya kale.

Ni kweli kwamba msanifu alimdanganya Papa kuhusu gharama?

Ni kweli, na habari hiyo tunaipata kwa Papa mwenyewe. Ujenzi ulipokuwa ukikaribia kukamilika, watu walimchongea Rossellino: kwamba amekosea kazi, na kwamba ametumia dukati, sarafu za dhahabu za zama hizo, zaidi ya 50,000 wakati makadirio yake ya awali yalikuwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Kila aliyewahi kujenga nyumba anaijua hadithi ya makadirio ya fundi, lakini wachache wanaujua mwisho wa aina hii. Papa alifika, akakagua, akamwita msanifu aliyekuja akiwa na hofu, kisha akamwambia kwamba alifanya vyema kusema uongo, kwa maana angesema kweli asingemshawishi kamwe kutoa fedha nyingi kiasi hicho, na jumba hilo na kanisa hilo lisilo na mfano Italia yasingekuwepo. Akaamuru alipwe haki yake yote, akamwongezea dukati 100 na joho jekundu, na akampa kazi nyingine.

Wakosoaji hawakuwa wamekosea kabisa. Nguzo za ndani ya kanisa zilikuwa zimekwisha kusimamishwa na vichwa vyake kuwekwa ndipo ikagundulika kwamba paa lingekuwa chini mno. Ikabidi juu ya vichwa hivyo viongezwe vipande vingine vya mraba vya kulibeba paa. Papa aliliona kosa hilo kuwa zuri kwa upya wake, na ukitazama juu utakubaliana naye.

Kwa nini kanisa kuu lina mwanga mwingi kuliko makanisa mengine ya Toscana ya zama hizo?

Kwa sababu Papa alitaka liwe hivyo. Alikuwa ameishi miaka mingi katika nchi za Wajerumani na huko Austria aliyaona makanisa ambayo dari za sehemu zake zote tatu, ya kati na mbili za pembeni, zina urefu ulio sawa, hivyo kwamba madirisha makubwa ya kando yanamulika hadi katikati. Uso wa kanisa la Pienza, wa travatini nyeupe na wenye nembo ya Wapiccolomini, yaani msalaba wenye miezi mitano miandamo, ni wa Renaisansi ya Kiitalia, mtindo uliofufua sanaa ya Roma ya kale. Ndani yake ni kanisa la kaskazini. Zaidi ya hayo, altare haikuelekezwa mashariki kama desturi ilivyotaka, bali kusini, upande wa bonde na jua.

Ili mwanga huo usiharibiwe, Septemba 1462 Papa alitoa hati inayokataza, kwa adhabu ya kutengwa na Kanisa, mtu yeyote asichore picha ukutani, asitundike michoro, asiongeze altare wala kikanisa cha pembeni, wala asibadilishe rangi ya kuta na nguzo. Michoro iliyoruhusiwa ni ile aliyoiagiza yeye, ya mabingwa wa Siena kama Vecchietta, Sano di Pietro, Giovanni di Paolo na Matteo di Giovanni, na ipo pale pale hadi leo. Ukitaka kujua amri hiyo iliokoa nini, ingia katika makanisa mengine ya zama zile uone jinsi karne ya 17 na ya 18 zilivyoyajaza malaika wa plasta.

Ule ufa ndani ya kanisa ni wa nini? Je, litaanguka?

Kugeuzia altare kusini kulikuwa na gharama yake. Nusu ya mbele ya kanisa imekaa juu ya kilima, lakini nusu ya nyuma imening'inia kwenye mteremko, juu ya mwamba laini wa mchanga na udongo wa mfinyanzi unaoteleza unapolowa. Rossellino alijenga misingi mirefu na chini ya altare akaweka kanisa dogo la ubatizo, lakini ardhi ilianza kutulia kabla hata mafundi hawajaondoka. Papa mwenyewe anataja ufa uliotokea, na jinsi watu walivyobishana kama ni wa chokaa kukauka au ni wa msingi dhaifu. Ulikuwa wa msingi.

Tangu hapo kazi ya kuimarisha upande huo imerudiwa kizazi hadi kizazi, kwa nguzo za nje, kwa mifereji ya kuondoa maji, na kwa kuishindilia ardhi. Ukitembea kutoka mlangoni kuelekea altare utahisi miguuni kwamba sakafu inainama kidogo, na ukifika nyuma utaiona mistari ya nyufa kwenye mawe. Kanisa linatumika kwa ibada kila siku, na hakuna sababu ya kuogopa kuingia.

Makadinali walihusikaje?

Papa aliwahimiza, na himizo la Papa si rahisi kulikataa. Kadinali Rodrigo Borgia, ambaye baadaye alikuja kuwa Papa Alexander VI, alipewa jengo la zamani kando ya uwanja ili alijenge upya, naye baadaye akaliachia askofu. Sehemu yake leo ni makumbusho ya jimbo. Humo kuna joho la ibada la Pius II, kazi ya taraza ya Kiingereza ya karne ya 14, iliyoshonwa kwa nyuzi za dhahabu na hariri, na watakatifu wake ni wadogo kiasi cha kukulazimu uinamie kioo. Makadinali wengine, kama Ammannati na Mfaransa Jouffroy, walijenga majumba kando ya mtaa mkuu. Kwa wananchi wa kawaida waliobomolewa nyumba, ilijengwa safu ya nyumba ndogo zinazofanana karibu na ukuta wa kaskazini. Zinaitwa hadi leo "nyumba mpya", ingawa zina zaidi ya miaka 550.

Baada ya Papa kufa, mji ulikuwaje?

Mwaka 1462 Corsignano ilipandishwa kuwa mji na makao ya askofu, ikapewa jina linalotokana na la Papa. Miaka miwili baadaye, Agosti 1464, Pius II alifariki Ancona, ukingoni mwa bahari, akisubiri meli za vita vya msalaba ambavyo wafalme waliahidi na hawakuja. Rossellino alikufa mwaka huo huo. Makadinali hawakuwa tena na wa kumfurahisha, na fedha zikakatika.

Hapo ndipo ilipo bahati ya ajabu ya Pienza. Mji uliobaki na jina kubwa na mfuko mtupu hauna uwezo wa kubomoa majumba yake na kujenga ya mtindo mpya. Ukoo wa Piccolomini uliendelea kuishi katika jumba lao hadi mwaka 1962. Mwaka 1996 kitovu cha mji kiliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na mwaka 2004 bonde la Orcia nalo likaingizwa kwa nafsi yake.

Je, mandhari ya bondeni ni ya asili?

Si ya asili hata kidogo. Vilima vile vyenye ngano, njia nyeupe na safu za miti ya misaipresi ni kazi ya mikono, iliyoanza Siena ilipoligawa bonde kuwa mashamba katika karne ya 14 na ya 15. Kwa karne nyingi familia za wakulima ziliishi katika mashamba ya wenye ardhi na kugawana nao mavuno nusu kwa nusu. Baada ya Vita Kuu ya Pili mfumo huo ulivunjika, vijana wakahamia viwandani, na nyumba nyingi za mawe zikabaki tupu. Waliokuja kuzijaza baadhi yake ni wachungaji kutoka kisiwa cha Sardinia, waliovuka bahari na kondoo wao hasa katika miaka ya 1960, wakanunua ardhi ambayo wenyeji walikuwa wanaikimbia. Sifa ya jibini la Pienza leo inatokana na wachungaji hao zaidi ya vile vipeperushi vya utalii vinavyokiri.

Nikienda, nifikeje na niende lini?

Pienza haina kituo cha treni. Kituo cha karibu katika reli ya Roma na Firenze ni Chiusi-Chianciano Terme, na kutoka huko, au kutoka Siena na Montepulciano, kuna mabasi, ambayo Jumapili huwa machache sana. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen. Mei bonde ni kijani. Julai ngano imevunwa na joto ni kali. Novemba ukungu hujaa mabondeni na vyumba hushuka bei. Wengi huja kwa saa mbili mchana na kuondoka, kwa hiyo anayelala usiku mmoja hupata uwanja ukiwa na wenyeji tu, na muda wa kutosha wa kupita vichochoro vya ukutani vyenye majina kama Via dell'Amore na Via del Bacio, yaani njia ya mapenzi na njia ya busu.

Jibini gani ninunue?

Jibini la Pienza, pecorino, hutengenezwa kwa maziwa ya kondoo. Liko changa, laini na lenye ladha ya maziwa. Liko la miezi michache. Na liko lililokaa muda mrefu hadi likawa gumu na kali. Ganda jekundu lilipakwa nyanya, jeusi lilipakwa majivu au mashapo ya mafuta ya zeituni, na mengine hufungwa kwa majani ya mjozi. Muuzaji atakukatia kipande uonje kabla ya kununua, na si aibu kuonja mawili matatu. Sisi tungechukua la umri wa kati, lile ambalo kisu hupita bila kuvunja, na kulila kwa asali. Ukifika Jumapili ya kwanza ya Septemba utakuta sherehe ya jibini, ambapo watu wa mitaa ya mji hushindana kuviringisha jibini zima la duara juu ya matofali ya uwanja wa Papa, ili lisimame karibu iwezekanavyo na kijiti cha mbao kilichowekwa katikati. Sakafu haiko sawasawa, kwa hiyo wazee wanaoujua mwinamo wake ndio hushinda.